Kasi ya Utafutaji katika Kanzidata Kubwa za Kiswahili: Mfano wa Matini za Lubumbashi

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu kazi ya kukusanya matini za Kiswahili ilipimwa kwa wingi wa kilichokusanywa: kurasa ngapi, kanda ngapi, maneno mangapi. Leo, baada ya sehemu kubwa ya hazina hiyo kuingizwa katika kompyuta, limezuka swali la pili ambalo halina uzito mdogo kuliko la kwanza. Je, kilichohifadhiwa kinaweza kupatikana kwa wakati unaomfaa mtafutaji? Mwanafunzi anayengoja dakika tatu ili aone mifano ya kitenzi kimoja hatauliza swali la pili. Mtafiti aliyechoka kungoja hujitengenezea nakala yake mwenyewe, akaisahihisha kivyake. Baada ya miaka michache huwapo nakala nne zisizolingana, na hakuna ajuaye ipi ni ya asili.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini seva yenye kanzidata kubwa huwa nzito, na ni hatua zipi zinazoweza kuiharakisha. Neno kanzidata, linalojengwa juu ya kanzi kwa maana ya hazina, linatumika hapa sambamba na hifadhidata, ambalo ndilo lililoenea zaidi kwa sasa. Mifano imetolewa katika matini za Lubumbashi, na hasa katika kazi ya kutafuta habari za mtaa mmoja, Naviundu. Sababu ya uteuzi huo ni kwamba Kiswahili cha mji huo kinaonyesha waziwazi jambo ambalo wataalamu wa kompyuta hulipita haraka: kwamba kasi ya utafutaji hutegemea umbo la lugha inayotafutwa kama inavyotegemea nguvu ya mashine.

2.0 Hazina inayohusika

Kanzidata za matini za Kiswahili zinatofautiana sana kwa ukubwa na kwa tabia. Kubwa na mashuhuri ni Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, iliyotokana na kazi ya Arvi Hurskainen. Toleo lake la pili, la mwaka 2016, lina maneno yapatayo milioni 25, na lina sehemu ambayo kila neno limeambatanishwa na uchanganuzi wake wa kimofolojia. Matini zake nyingi ni za Kiswahili sanifu.

Kwa upande wa Katanga, hazina ni ndogo kwa idadi ya maneno lakini ina uanuwai mkubwa. Johannes Fabian na Vincent de Rooij walianzisha mkusanyo wa matini za Kiswahili cha watu wa kawaida uliowekwa katika intaneti kutoka Amsterdam. Humo mna mazungumzo, masimulizi na ile historia ya mji iliyoandikwa na André Yav na kutolewa mwaka 1965, wakati mji ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville. Katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, unaohusishwa na mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, ulianza mwaka 2000 kukusanya ushuhuda wa wakazi wa mji. Mwaka 2014 Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumwa walichapisha kitabu chenye sarufi, matini na msamiati wa Kiswahili cha Lubumbashi.

Mtu anayetaka kuziunganisha hazina za namna hii katika seva moja hukuta mambo matatu kwa mpigo: mamilioni ya safu, tahajia zisizolingana, na majina ya mahali yaliyobadilika mara kwa mara. Kila moja kati ya mambo haya lina gharama yake ya wakati.

3.0 Kupima kabla ya kununua

Wazo la kwanza linalomjia msimamizi wa seva nzito ni kununua mashine kubwa zaidi. Mara nyingi wazo hilo hupoteza fedha. Seva huweza kuchelewa kwa sababu nne zilizo tofauti kabisa: prosesa inafanya hesabu nyingi mno, diski inasomwa kupita kiasi, maombi yanangojeana kwa sababu mmoja ameifunga safu ambayo mwingine anaihitaji, au data inasafiri polepole katika mtandao. Prosesa mpya haisaidii chochote ikiwa kizuizi ni diski. Gene Amdahl alikwisha kuonyesha mwaka 1967 kwamba faida ya kuharakisha sehemu moja ya kazi huwekewa mpaka na ile sehemu isiyoguswa. Ikiwa asilimia 90 ya muda hutumika kusoma diski, hata prosesa yenye kasi isiyo na kikomo itapunguza muda kwa asilimia 10 tu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima. Programu za kanzidata zinazotumika sana, kama PostgreSQL na MySQL, huweza kuweka daftari la maswali yaliyochukua muda mrefu. Katika MySQL kipimo cha kuanzia ni sekunde 10, ambacho ni kirefu mno kwa mtumiaji aliye mbele ya kioo. Msimamizi hufanya vyema kukishusha hadi sekunde moja. Aidha, programu hizo zina amri ya EXPLAIN, ambayo huieleza njia ambayo seva imeamua kuifuata ili kujibu swali. Kwa kawaida daftari hilo hufichua kwamba maswali machache yanayorudiwarudiwa ndiyo yanayokula sehemu kubwa ya muda. Hayo ndiyo ya kutibiwa kwanza.

4.0 Faharasa na umbo la neno la Kiswahili

Seva isiyo na faharasa hutafuta kama mtu anayekisoma kitabu chote, ukurasa baada ya ukurasa, ili apate jina moja. Jedwali la maneno milioni 25, ambalo kila safu ina baiti 100, lina ukubwa wa gigabaiti 2.5. Diski ya kuzunguka inayosoma megabaiti 150 kwa sekunde italipitia lote kwa takriban sekunde 17. Wakija watumiaji kumi kwa wakati mmoja, kichwa cha diski huanza kurukaruka kutoka ombi moja hadi jingine, na muda huongezeka kwa wote.

Dawa ya kawaida ni faharasa ya mti iliyobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight, ambao makala yao ilichapishwa mwaka 1972. Faharasa hiyo hupanga maneno kialfabeti katika kurasa. Kila ukurasa wa juu huelekeza kwenye kurasa nyingi za chini yake. Ikiwa ukurasa mmoja una nafasi ya maneno 300, ngazi tatu zinatosha kwa maneno 27,000,000, yaani 300 mara 300 mara 300. Badala ya kusoma gigabaiti 2.5, seva husoma kurasa tatu na ule wenye safu yenyewe. Kwa diski ya kuzunguka, ambayo huhitaji takriban milisekunde 12 kwa kila mruko, jibu hupatikana kwa chini ya milisekunde 50.

Hata hivyo, faharasa hiyo ina sharti moja: mtafutaji lazima ajue neno linaanza na herufi gani. Hapa ndipo Kiswahili kinapoikwamisha. Mzizi wa kitenzi haukai mwanzoni mwa neno. Umezungukwa na viambishi vya nafsi, wakati na mtendwa upande wa kushoto, na vinyambuo upande wa kulia. Anayetaka mifano ya kitenzi lima anahitaji kupata walilima, hawajalima, aliyemlimia, linalolimwa na tutalimishana. Akiagiza seva itafute neno lolote lenye herufi l-i-m ndani yake, faharasa ya kialfabeti haina msaada, na seva hurudi kuusoma mkusanyo mzima. Kuligeuza neno na kulipanga kuanzia mwisho, mbinu inayosaidia katika lugha nyingine, hakufai hapa, maana mwisho nao hubadilika.

Ipo mbinu ya pili: kulikata kila neno katika vipande vya herufi tatutatu na kuviwekea vipande hivyo faharasa. Neno walilima hutoa wal, ali, lil, ili, lim na ima. Mbinu hii ni nzuri kwa mifuatano mirefu, kwa sababu seva hupata neno kwa kukutanisha vipande vingi. Lakini mizizi mingi ya vitenzi vya Kibantu ina konsonanti, irabu na konsonanti tu: lim, pik, som, fung. Kipande kinachopatikana ni kimoja au viwili. Kipande lim peke yake huleta pia mwalimu, elimu, ulimi, mlima na ulimwengu, na kazi ya kuyachambua hubaki kwa mtafutaji. Kwa mizizi ya silabi moja, kama ile ya kula na kufa, mbinu hiyo haina faida kabisa.

Njia ya tatu ndiyo inayoifaa lugha hii. Ni kuchanganua kila neno mara moja tu, wakati wa kuliingiza, na kuweka mzizi au shina lake katika safuwima ya peke yake iliyo na faharasa. Swali linalotaka lima basi hulinganisha neno zima na neno zima. Uchanganuzi wa namna hiyo umewezekana tangu Hurskainen alipojenga programu yake ya mofolojia ya Kiswahili, ambayo aliieleza katika makala ya mwaka 1992. Gharama ya hesabu hulipwa siku ya kuingiza matini, na haihitaji kulipwa tena katika kila utafutaji.

Wanakamusi watalitambua tatizo hili. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilikusanya minyambuliko chini ya mzizi wake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliziweka nomino mahali pa herufi yake ya kwanza. Mjadala wa wapi neno liwekwe ili lionekane upesi ulikuwapo kabla ya seva. Kompyuta imeurithi tu.

5.0 Kiswahili cha Lubumbashi na hatari ya kusawazisha

Uchanganuzi uliotajwa hapo juu umejengwa juu ya Kiswahili sanifu. Ukipewa matini ya Lubumbashi, hukwama mara nyingi. Huko husemwa batoto mahali pa watoto, mutoto mahali pa mtoto, na katoto kwa wingi wa tutoto panapokusudiwa udogo. Mahali hutajwa kwa ku, mu au pa kabla ya nomino: ku nyumba, mu nyumba, ambapo Kiswahili sanifu kina nyumbani. Juu ya hayo, waandishi wasiofundishwa tahajia rasmi hugawanya maneno kwa namna yao. Fabian alipoishughulikia historia ya Yav alihitaji msaada wa Kalundi Mango aliyeyasoma maandishi hayo kwa sauti ili mipaka ya maneno ijulikane. Matokeo ya kazi hiyo, pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho, yalichapishwa mwaka 1990.

Msimamizi anayetazama kasi peke yake huvutwa kufanya jambo moja rahisi: kuyasahihisha maandishi yote yawe ya kisanifu. Faharasa hupungua ukubwa, uchanganuzi hufaulu, na seva hujibu upesi. Lakini kilichopotea ni ushahidi wenyewe. Matini iliyosawazishwa haiwezi tena kuonyesha jinsi watu wa Lubumbashi walivyosema, na mtafiti atakayekuja baadaye atadhani kwamba walisema kama watu wa Unguja.

Suluhisho halihitaji kuchagua baina ya kasi na uaminifu. Kila neno huwekewa safuwima mbili: ya kwanza ina umbo la asili kama lilivyoandikwa au kusemwa, nayo haiguswi kamwe, ya pili ina umbo la kutafutia. Batoto hubaki batoto katika ya kwanza, na huunganishwa na shina toto katika ya pili. Faharasa huwekwa katika zote mbili. Nafasi inayoongezeka katika diski ni ndogo ikilinganishwa na faida yake.

Tahadhari nyingine inahusu orodha ya maneno yanayopuuzwa. Programu nyingi za utafutaji wa matini huyaacha maneno yanayojirudia mno ili faharasa iwe nyepesi. Kwa Kiswahili sanifu orodha hiyo kwa kawaida huwa na na, ya, wa na kwa. Anayeiongeza ku na mu kwa matini za Lubumbashi ameiharakisha seva, lakini amemzuia mwanaisimu asiweze kuuliza swali lolote kuhusu mahali katika lahaja hiyo. Afadhali maneno hayo yabaki, na watumiaji wa kawaida wawekewe uwezo wa kuyaacha wapendapo.

6.0 Jina la mahali: Naviundu

Naviundu ni jina la mto katika Lubumbashi na pia jina la mtaa. Mtafiti anayekusanya masimulizi ya wakazi wake atauliza swali la aina hii: nipatie sentensi zote zilizosemwa Naviundu. Swali hili linaonekana kuwa jepesi, lakini linafundisha mambo mawili.

La kwanza ni kwamba faharasa haifai kila mahali. Ichukuliwe kwamba jedwali lina sentensi 2,000,000 za baiti 500 kila moja, na kwamba nusu yake zina neno Lubumbashi katika safuwima ya mahali, ilhali 80 tu zina Naviundu. Kulisoma jedwali lote, lenye gigabaiti moja, huchukua takriban sekunde 7. Kuzifuata sentensi 1,000,000 za Lubumbashi kwa kupitia faharasa, mruko mmoja kwa kila sentensi, kwa diski yenye uwezo wa miruko 80 kwa sekunde, kungeweza kuchukua zaidi ya saa 3. Sentensi za Naviundu kwa njia hiyohiyo zingechukua sekunde moja. Kwa sababu hiyo seva yenye akili huitumia faharasa kwa Naviundu na kuiacha kwa Lubumbashi. Uamuzi huo hutegemea takwimu ambazo seva hujiwekea kuhusu data yake. Baada ya kuingiza shehena kubwa ya matini mpya, takwimu hizo zisipofanywa upya kwa amri ya ANALYZE, seva huamua kwa kufuata hali ya zamani, na swali lililokuwa jepesi jana huwa zito leo.

La pili ni kwamba majina hubadilika. Elisabethville iliitwa Lubumbashi kuanzia 1966. Katanga iliitwa Shaba kutoka miaka ya 1970 hadi 1997, na tangu 2015 mji umo katika mkoa wa Haut-Katanga. Kanzidata iliyoandika majina haya kama yalivyo katika kila safu hulazimisha kila swali litaje majina yote. Kanuni ya uhusiano iliyowekwa na E. F. Codd mwaka 1970 hutoa njia iliyo bora: mahali pawe na jedwali lake, kila mahali pawe na namba yake, na majina ya vipindi mbalimbali yaelekezwe kwenye namba hiyo. Mto Naviundu na mtaa wa Naviundu hupata namba mbili tofauti, na mtafutaji hapati habari za maji anapotaka habari za watu.

7.0 Kumbukumbu, mtandao na umeme

Baada ya maswali na faharasa kutengenezwa, ndipo inapofaa kuitazama mashine. Kusoma katika kumbukumbu ya seva huchukua takriban nanosekunde 100. Mruko wa diski ya kuzunguka huchukua muda ulio mkubwa zaidi ya mara 100,000. Diski zisizo na kizungukacho zimepunguza pengo hilo sana, lakini hazijalifuta. Kwa hiyo sehemu ya data inayosomwa mara kwa mara, hususan faharasa, yafaa ikae katika kumbukumbu. PostgreSQL kwa kawaida huanza na megabaiti 128 tu kwa kazi hiyo, hata kama mashine ina gigabaiti 64, na waelekezi wake hushauri kuanza na robo ya kumbukumbu kwa seva inayofanya kazi hiyo peke yake. Badiliko hili halina gharama, nalo mara nyingi husahauliwa.

Mtandao una sheria yake. Kutoka Lubumbashi hadi Amsterdam ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga katika nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 70, hata mashine ikiwa na nguvu namna gani. Programu iliyo Lubumbashi inayoulizia sentensi 100 mojamoja kwa seva iliyo Ulaya, ikingoja kila jibu, itapoteza sekunde 7 njiani tu. Ikiziomba zote kwa swali moja, itapoteza sehemu ndogo ya sekunde. Kuwa na nakala rasmi ya kanzidata katika mji wenyewe, inayofuata ile ya asili, huondoa kikwazo hicho na kuwaweka wenye lugha karibu na lugha yao.

Mwisho ni umeme. Seva hupoteza muda mwingi kuhakikisha kwamba kila kilichoandikwa kimefika kwenye diski. Ukiingiza sentensi 10,000, kila moja kwa idhini yake, diski inayozunguka mara 120 kwa sekunde huweza kuchukua zaidi ya sekunde 80. Zikiunganishwa katika idhini moja, kazi huisha kwa sekunde chache. Hilo ni harakisho halali. Lipo harakisho jingine lisilo halali, nalo ni kuzima kabisa uhakikisho huo. Katika mji ambako umeme hukatika mara kwa mara, ukatikaji mmoja baada ya uamuzi huo huweza kuiharibu kanzidata yote isiweze kurekebishwa. Kitabu kilichoharibika huweza kununuliwa tena. Ushuhuda wa mzee aliyekwisha kufariki hauwezi kurekodiwa tena.

8.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba uzito wa seva hautibiwi kwa hatua moja. Mpangilio unaofaa ni kupima, kurekebisha maswali na faharasa, kuweka mashina na majina ya mahali katika mpango ulio bora, kupanua kumbukumbu inayotumika, na mwishowe, ikiwa bado inahitajika, kununua mashine. Hatua nne za mwanzo hazihitaji fedha nyingi; zinahitaji wakati na ujuzi.

Ujuzi huo si wa fundi wa kompyuta peke yake. Fundi hawezi kujua kwamba ku ni neno lenye uzito katika Lubumbashi, wala kwamba batoto na watoto wana shina moja. Mwanaisimu naye akikaa mbali na seva, maamuzi hayo hufanywa bila yeye, na kwa kawaida huegemea upande wa lahaja iliyokwisha kuandikiwa programu. Idara za Kiswahili zinazomiliki matini za Kongo, au zinazokusudia kuzipokea, zingefanya vyema kukubaliana kuhusu orodha moja ya mashina ya Kiswahili cha Lubumbashi na jedwali moja la majina ya mahali, kabla kila moja haijatengeneza lake.